Gobore Lililorudi Jepesi

Manyatta,
Kisumu.
9 Juni 2024

Mpendwa Mjomba Wakhisi,

Pokea salamu zetu nyingi. Natumaini joto la Doha halijakushinda na kile kikohozi kimekuachia. Huku tu wazima. Mama bado anauza samaki, na Nyanya anasumbuliwa na magoti tu, hasa asubuhi.

Mimi ndiye nisiyetulia. Barua hii nimeianza na kuichana mara nyingi.

Polisi walitangaza kwamba kila mwenye silaha bila kibali aisalimishe. Mama akaogopa lile gobore la baba yake Babu, lililotundikwa sebuleni. Nyanya akasema heri afungwe yeye kuliko litoke. Basi Mama akamwita Mzee Zacchaeus, aliyefanya kazi makumbusho, aje alichunguze.

Aliingiza kijiti mdomoni mwa mtutu, kikagota kabla ya kufika nusu. Ndani zaidi ni chuma kizima kisicho na tundu. Kitundu cha kuwashia baruti kimechorwa tu, hakikutobolewa. Hata skrubu ni za juzijuzi.

“Mama, hili ni pambo,” akamwambia Nyanya. “Haliwezi kuua hata omena.”

Mama alicheka kwa kushukuru. Nyanya hakucheka. Gobore lile lilifyatuliwa siku ya kumzika babamkwe wake, naye, wakati huo bibi arusi mpya, akaangusha sufuria ya chai kwa mshtuko.

Mzee alipoondoka, Nyanya aliniita jikoni.

“Wakhisi alilipeleka kupakwa vanishi, mwaka ule wa kusafiri. Lilirudi jepesi. Nikafikiri ni uchafu umetoka.”

Mjomba, labda fundi alikubadilishia. Labda ulikosa nauli, ukaliuza. Nimekutetea na kukushtaki moyoni mpaka nimechoka. Ninachoogopa ni kwamba lile la kweli liko mikononi mwa mtu, na bado linaweza kulia.

Nyanya hajamwambia Mama. Hilo la bandia amelirudisha ukutani, lakini siku hizi hukaa ameligeuzia mgongo.

Amenikataza kukuuliza. Nakuuliza: liko wapi? Usinijibu mimi. Mpigie yeye Jumapili akitoka kanisani. Najua atapokea, kwa sababu tangu siku ile haiachi simu hata akienda kuoga.

Nisalimie mkeo Agneta na mwanenu Griffins. Dada yangu Sylvia anawasalimu pia. Mungu awafunike, na wewe akupe moyo wa kusema.

Mimi mpwa wako, nikupendaye bado,
Mercyline