Picha Iliyokatika Kabla Rukia Hajaozwa

Mama yangu mpendwa,

Siku ya tatu hii naketi kukuandikia, nakatiza. Leo nimeapa sitainuka mezani. Kuna jambo ulinificha, nami nimelijua, na kila nikitafuta wa kumlaumu najikuta niko peke yangu.

Unakumbuka nilipokuwa najifunza maltikasti? Neno lenyewe hukutaka hata kulijaribu, ukaliita "mambo yako yale". Ofisi ilitaka mafunzo ya video yatoke hapa Mombasa yafike vituo vyote vya bara kwa wakati mmoja, tena yapite ndani ya VPN, ile njia ya faragha ambayo mtu wa nje haingii. Kazi tulipewa mimi na Mutua, mwenzangu wa ofisini. Jioni nilikuwa nikienda darasani kule karibu na Buxton, kisha narudi Bondeni na ruta mbili mkobani, nazitandaza chumbani mwako kwa sababu ndicho chumba chenye hewa. Ulikuwa ukiruka nyaya zangu kwenda kutawadha, na hukulalamika hata siku moja.

Video yangu ya majaribio ilikuwa moja tu. Niliwapiga picha mahamali wa Marikiti kwa simu, dakika tatu, wakiteremsha magunia ya vitunguu. Ikiisha naianzisha upya. Uliitazama mpaka ukawajua wale watu kuliko wake zao.

"We Athmani, huyu wa kikoi cha kijani hajafika tu na gunia lake? Mpumzishe, tutamuua mwana wa watu!"

Siku moja ulinihoji sawasawa. Watu kumi wakitaka kutazama, yabidi nitume picha mara kumi? Nikakwambia la, natuma mara moja tu. Anayeitaka hunyosha mkono, mashine ikamkumbuka, ikampa. Ulikunywa chai yako, ukafikiri.

"Na mkono ukichoka?"

Nilicheka, mama. Nilikwambia mikono ya mashine haichoki.

Kisha posa ya Rukia ikaja. Baba alishatangulia zamani, kwa hiyo mimi kakake ndiye niliyekuwa walii wake, mimi wa kumwozesha. Wewe wakati huo moyo ulishakuchosha, ngazi huwezi kushuka. Ami Salim akaja na shauri lake, akalisema huku angali mlangoni.

"Tuozeshe papa hapa juu. Shehe na mashahidi watapanda, mamenu asikie kwa masikio yake."

Jambo jepesi kama nini! Nikalikataa. Nilisema upande wa bwana harusi wanataka msikitini, na kwamba mama ataona vizuri kuliko aliyeketi safu ya mbele. Kamera itakuwa msikitini, picha itatoka mara moja, ifike kwenye runinga za kwetu, ifike Buxton kwa wanawake wa upande wa pili, ifike na kwa jamaa zetu wa Mji wa Kale. Rukia akauliza kwa nini nisipige simu ya video tu kama watu wengine. Nikamwona mshamba. Kusema kweli nilitaka watu waone ninachokijua. Ami alipotaka kuendelea, ukamkata wewe.

"Mwateni mwanangu. Kazi yake aijua."

Mutua aliniambia nijaribu kwa saa nzima kabla ya siku yenyewe. Nikamwambia nimejaribu miezi. Buxton na Mji wa Kale nilipeleka swichi, zile mashine za kugawa picha, za zamani nilizookota ofisini. Yako nilikuchagulia iliyo bora, yenye akili, ile inayompelekea picha aliyeiomba tu na mwengine haimsumbui. Nilitaka ya kwako iwe safi kuliko zote.

Baada ya swala ya alasiri nilimshika mkono bwana harusi. Nilipofika kwenye jina la Rukia niliinua macho nikaitazama kamera, nikijua unaniona. Ilipokwisha nikakupigia simu, na vigelegele vikanijaa sikioni hata sikukusikia mwanzo.

"Nimeona, mwanangu. Maashallah. Umesimama kama babako."

Hukukaa sana baada ya hapo. Waliokuja kutoa mkono wa tanzia niliwaambia wote, alhamdulillahi, mama aliiona ndoa ya binti yake. Ndiyo faraja niliyokuwa nayo, nikaishika kwa mikono miwili.

Siku ya pili baada ya hitma tulikuwa tukikunja leso zako, mimi na wifi yako, shangazi Zuhura. Akaacha kukunja.

"Athmani, mamako aliniwekea jambo, na limenilemea."

Akaniambia picha ilikatika shehe angali kwenye hotuba. Kioo cha runinga kikawa cheusi, huku chumbani na kule sebuleni walikojaa wanawake. Rukia alikuwa chumba cha ndani akivalishwa, hakujua. Shangazi akachukua simu anipigie, ukamshika mkono. Ukamwambia, "Usimpigie. Ataacha kila kitu aje mbio na nyaya zake. Leo ndiye babake Rukia."

Kisha ukaketi ukikielekea kioo kile kile cheusi, ukawa unawaeleza wenzako. Sasa amemshika mkono. Sasa anasema. Sasa kijana amekubali. Simu yangu ilipolia ukawaamuru wapige vigelegele, nao wakapiga huku wengine wanafuta machozi.

Nilirudisha nyaya zote mahali pake, nikatuma video ndefu, nikaketi na saa mkononi. Dakika ya tano haikufika. Swichi ile yenye akili husahau, mama. Kila baada ya muda lazima iwepo mashine ya kuuliza, "Bado mwataka?", na runinga ijibu, ndipo picha iendelee. Mimi sikuiweka mashine ya kuuliza. Mahamali wangu wa dakika tatu walikuwa wakimaliza kabla swichi haijasahau, na kila nilipowaanzisha upya runinga iliomba upya, kwa hiyo kosa halikuonekana hata mara moja. Zile swichi kuukuu za Buxton na Mji wa Kale hazijui nani kaomba nani hakuomba, humwagia kila mtu. Wageni waliona mpaka dua ya mwisho. Niliyemnyima ni wewe, kwa sababu nilikupa kilicho bora.

Kulitengeneza kulinichukua mstari mmoja wa amri. Mmoja! Niliuandika nikalia kama mtoto.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, hivyo ndivyo mlivyotufunza. Mbona mimi miguu yangu mizima? Kutoka msikitini mpaka ngazi zako hazipiti dakika tano. Ungalimwacha shangazi apige simu, ningalimwomba shehe asimame, na bwana harusi, na mashahidi, tukaja sote, tukapanda. Nani angalikataa? Ulinisitiri mbele ya watu, na sitara hiyo inanichoma kuliko ungalinikaripia. Wakati mwengine nakukasirikia, mama. Nisamehe kwa hilo. Nakukasirikia kisha nakumbuka ulikuwa na pumzi chache, na chache hizo ukazitumia kuwasimulia watu picha isiyokuwepo ili mwanao asiaibike.

Ofisini kazi imekamilika. Vituo vyote vinapata picha, na Mutua ananisifu. Namwitikia tu.

Rukia sijamwambia. Juzi alikuja na mumewe, akaniuliza eti ulilia ulipoona anaozwa. Nikamwambia ulilia kidogo, ukacheka. Sasa nafahamu ulivyojisikia siku ile na simu sikioni.

Jana baada ya alasiri nilipanda chumbani mwako peke yangu. Nikaketi kwenye kiti chako, nikanyosha mkono wa kulia, nikaanza tangu mwanzo wa hotuba. Kisha nikasema, nakuozesha dada yangu Rukia. Nilisema polepole, kwa sauti, usije ukapitwa na neno. Nilipofika mwisho niligeuka kukutazama. Kitanda kilikuwa kimeshatanduliwa, na godoro limekunjwa.

Pumzika, mama. Mola akupe nuru huko uliko, na akufikishie haya niliyoshindwa kukufikishia mimi.

Ni mimi mwanao, kifungua mimba wako,
Athmani