Upara wa Ukoo Gani?

Jumamosi, 7 Juni 2025
Liévin amekuja kujitambulisha kwa Mama. Suti safi, viatu vinang'aa. Tukasimama kusali, akavua kofia — Mama akafumba macho kabla sala haijaanza.
Mchumba wangu ana miaka thelathini na moja, na nywele zimebaki pembeni tu, kama majani kando ya uwanja wa mpira. Mimi naupenda ule uwanja.
Alipoondoka, Mama akasema: "Ile muntu iko muzuri, iko na kazi. Lakini ataniletea bajukulu ba kipara."

Jumatatu, 9 Juni
Mama hatanii. Amemwambia mjomba asiite kwanza familia ya Liévin kuja kuzungumza mahari.
Liévin naye amejipaka kitunguu saumu kichwani. Jirani yake wa mtaa wa Naviundu alimhakikishia kinaotesha nywele. Jana kwenye misa tulikaa benchi zima peke yetu.

Jumatano, 11 Juni
Kwa daktari wa ngozi, Madame Dorine. Mama alidai kuja, asikie kwa masikio yake.
Liévin akauliza kama homoni zake zimezidi. Hapana, daktari akasema, ni za kawaida. Ila mwili hugeuza testosteroni kuwa homoni kali zaidi, na mizizi ya nywele za utosini mwake haiivumilii. Inasinyaa, nywele zinakuwa nyembamba, mwisho hazionekani. Na homoni hiyohiyo inakuza ndevu! Dawa zipo, zinapunguza mwendo, ukiacha unarudi palepale.
"Na hiyo mizizi alipewa na nani?" Mama.
Jeni nyingi, za pande zote mbili. Lakini moja kubwa, mwanamume huipata kwa mama yake.
Mama akatabasamu. "Basi ni mama ya Liévin."
"Ndiyo. Na batoto ba Annie" — daktari akanigusa bega — "bataipata kwa Annie, na Annie pengine aliipata kwako. Papa yako, mama, alikuwa na nywele?"
Ndiye Babu Mumba, mfanyakazi wa reli. Sikumkuta hai.
"Alifanya kazi kwenye jua," Mama akasema.
"Jua hainyoe muntu kichwa, mama."
Njia nzima hadi nyumbani Makomeno, Mama alitazama dirishani.

Jumapili, 15 Juni
Liévin amekuja bila kuitwa. Amenyoa zote. Baridi hii ya Juni, na kichwa wazi.
Mama alisimama mlangoni, akamtazama sana. Kisha: "Ingia, utagonjwa."
Naandikia jikoni. Namsikia Mama akimsimulia kwamba utotoni yeye na ndugu zake walikuwa wakigombania zamu ya kumpaka baba yao mafuta kwenye upara. Hajawahi kuniambia hilo. Juu ya ndoa, hajasema neno.
Nimechungulia. Liévin ameinamisha kichwa. Mama ameshika chupa ya mafuta, anahangaika na kifuniko —