Niliitikia kwa Kichwa Bila Kusikia

Jumapili, 2 Februari. Asubuhi baridi kali, anga jeupe, upepo wa ziwani unagonga mlango kama mgeni.

Mpendwa Shangazi Borghild wa gazetini,

Naomba uniokoe kabla mwezi huu haujaisha, kwa sababu nimechumbiwa na sina habari, yaani nilikuwepo ila sikusikia. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na tatu, hapa mjini Duluth, na jirani yangu Delbert hana mke, na kila theluji ikianguka huja na mashine yake ya kutupa theluji kunisafishia njia, ni wema mkubwa lakini mashine yenyewe inanguruma kama trekta lililomeza trekta jingine, ndipo nikanunua spika za masikioni, zile ndogo za kuingia tunduni, nikawa nazivaa chini ya kofia ya sufu na kutoka na koleo langu nisionekane natumikiwa tu. Mwanzoni zilidondoka na kelele ikawa inapenya, basi nikafanya majaribio kwa utaratibu, nikagundua sikio la kushoto linataka kipira kikubwa cha kuziba tundu na la kulia kidogo, nikagundua vya sponji vinazuia kelele kuliko vya mpira, ukivifinya kwanza kwa vidole, ukapitisha mkono wa pili juu ya kichwa ukavuta sikio juu na nyuma, ukaingiza na kushikilia mpaka sponji ijae, na siku niliposikia besi ya kinanda katika nyimbo zangu imerudi nzito nikajua tundu limezibika sawasawa. Shangazi, ukimya ule ni mtamu. Mashine ikawa kama nzi aliye chumba cha pili.

Kosa ni kwamba Delbert huzima mashine akaanza kuongea, nami sijui imezimwa, naona tu mdomo unakwenda na mvuke unatoka, na kwetu humkatizi mtu anayekusafishia njia, kwa hiyo naitikia kwa kichwa, natabasamu, naitikia tena, tangu Novemba. Alhamisi, kwenye kahawa ya kanisani, dada yangu LaVonne akanivuta pembeni.

"Hongera, mficha mambo wewe. Tarehe ishirini na mbili, ee?"

"Tarehe ishirini na mbili kuna nini?"

"Harusi yako, mama. Mimi nimeshapangiwa kuoka viazi na nyama, masinia matatu."

"Nani kasema?"

"Bwana harusi. Kasema umekubali yote. Mbwa wake wanne walale chumbani, yule samaki wake aliyekaushwa atundikwe juu ya kitanda, na fungate mkaifanyie ziwani, kwenye kibanda cha kuvulia juu ya barafu. Nikamuuliza, dada yangu huyu huyu? Akasema hukusita hata kidogo."

Nilitaka kuueleza ukweli palepale, lakini akaja Delbert mwenyewe na kikombe chake, macho yamemlowa, akawaambia waliokuwa mezani, "Katika maisha yangu, huyu ndiye mtu wa kwanza kunisikiliza mpaka mwisho," na mimi, Shangazi, nikaitikia kwa kichwa.

Ijumaa nilitoa spika moja, ya kulia, nikamsikiliza kwa siri. Alikuwa anaeleza jinsi ya kubadilisha mkanda wa mashine. Sauti yake ni ya chini, nzuri, sikuitarajia. Sasa sijui nampenda mtu au naupenda ukimya, na nikisema ukweli naogopa hataongea tena na kiumbe yeyote. Nifanyeje?

Marlys

(Naongeza Jumatatu asubuhi: nimewaza haya mpaka usingizi ukanipata saa nane na robo usiku.)

*

Marlys,

Pole, na ujionee aibu. Vipira umevijaribu kimoja kimoja kwa uangalifu wa fundi saa, mwanamume ukampokea bila hata kumsikiliza.

Vidude vilivyoziba namna hiyo ni vya ndani ya nyumba. Nje, karibu na mashine yenye meno, mtu asiyesikia anaitafuta hospitali. Ukitaka kupunguza mngurumo, simama mbali.

Unasema unaogopa kumvunja moyo. Utamvunja zaidi ukimkuta kila usiku kitandani pako na mbwa wanne, nawe umemnunia kwa jambo ulilomruhusu mwenyewe. Vua kofia. Toa vyote viwili mbele yake, umwekee kiganjani, useme, "Delbert, tangu Novemba sijasikia neno lako hata moja." Usijitetee. Akinyamaza, nyamaza naye. Kisha mwombe aanze upya, na aanze na ndoa, si na mbwa. Kila jambo ulijibu kwa mdomo. Samaki, kataa. Mbwa, wawili, na walale jikoni. Ziwani nenda ukipenda, ila mwulize kwanza barafu ina unene gani. Akikasirika akaondoka na mashine yake, koleo unalo na mikono unayo. Lakini mtu aliyeongea na mnara wa sufu miezi mitatu bila kuchoka, mimi nadhani atavumilia na hili.

Jambo la mwisho. Majina yenu nimeyabadilisha, ila mtaa wenu utawajua kabla ya kumaliza aya ya pili, na gazeti hili linamfikia Delbert Jumamosi asubuhi kama linavyokufikia wewe. Wanaume wa rika lake huanza na ukurasa wa hali ya hewa. Ukurasa wangu uko nyuma ya huo. Una muda wa kuvaa viatu kabla hajaugeuza.