Mguu Unaoza, Tumbo Linatibiwa

Mpendwa mshauri Peres, naomba unisaidie maana hapa mjengo nimekuwa kichekesho. Mimi ni mtu wa mkono, msaidizi wa fundi, kwenye jengo moja linalojengwa Mountain View, kwetu ni Siaya, na simiti ilinila juu ya kifundo cha mguu pakawa na kidonda kisichotaka kufunga, nikaenda zahanati, nesi akakitazama akasema, "Baba, hii ni alsa, kaa hapo nikuoshe," lakini mimi alsa naijua, marehemu mama alikuwa nayo, nikamwambia asante sista nikatoka, nikaingia duka la dawa nikaomba dawa ya alsa, muuzaji akauliza kama tumbo hunichoma nikiwa na njaa, nikamjibu, "Kwetu mjengo ni nani halimchomi?" akanipa ile dawa nyeupe ya kutikisa. Nimeacha maharagwe, nimeacha pilipili, nakunywa maziwa asubuhi na jioni, na Muthoni anayetupikia ananiita Ndama, fundi Macharia naye kila siku, "Ndama, umenyonya?" lakini kidonda kinapanuka, kinanuka, kiu hainiishi, na kukojoa ndio usiseme. Mke wangu Everlyn anataka nirudi nyumbani, sasa nikirudi watoto watakula nini? Je, niongeze maziwa?

Obuya

Obuya, wenye ng'ombe wa Kangemi wanakushukuru. Pole kwa maumivu, lakini hayo maziwa yakishapita tumboni ulidhani yanashukia wapi, kwenye gambuti la mguuni?

Alsa si jina la tumbo. Ni kidonda wazi kisichofunga, popote kilipo. Kuna cha tumbo, alichokuwa nacho mama yako. Kuna cha mdomoni. Kuna kile kinachomtoka mgongoni mgonjwa aliyelala bila kugeuzwa. Na kuna cha mguu, ambacho ulijitafsiria mwenyewe nesi akiwa bado anasema. Muuzaji alikuuliza swali la maana, ukamjibu kwa mzaha.

Kiu hiyo na huo mkojo havinipendezi. Huenda una sukari, na mimi siwezi kuipima gazetini. Achana na dawa ya tumbo, kula maharagwe yako. Kesho asubuhi nenda zahanati, usitaje alsa kabisa. Vua kiatu waone, waeleze habari ya kiu, upimwe sukari, na usitoke mpaka kidonda kioshwe na kufungwa bendeji. Simiti usiiguse na mguu wazi. Homa ikikushika au nyama ikianza kuwa nyeusi, nenda hospitali kubwa saa hiyo hiyo.

Unaogopa kupoteza kazi? Zunguka maduka yote ya River Road: utapata msumeno, muhuri, hata mlango wa chuma. Mguu hakuna anayeuza.