Pikapu Siirudishi, Baba

Karakana,
Jumatatu asubuhi

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Ya Mama naomba umpe mwenyewe, usimwachie dada, maana dada salamu huzisahau jikoni. Natumaini barua hii itakukuta nyonga imepata nafuu, na kwamba unafanya mazoezi kama daktari anavyotaka na si kama unavyotaka wewe. Mimi ni mzima wa afya. Macho hayajambo, kinyago cha kuchomelea nakivaa kila siku, na kikohozi kile cha moshi kimeniacha. Mawazo yangu yako kwenu tu mlio mbali.

Barua yako niliipata Alhamisi. Nimeisoma mara tatu, ya kwanza nikiwa nimesimama, ya pili nimekaa, ya tatu nimekasirika. Umeniagiza nirudishe ile pikapu nzee niliyonunua, nichukue lile gari jeupe la dalali wetu Uhakika, kisha nimwombe radhi mbele ya watu walewale waliosikia nikimtia aibu. Nisipofanya hivyo kabla ya mwisho wa mwezi, niondoe mashine zangu katika kiwanja chako. Umesema kama baba. Nami nakujibu kama binti yako, ambaye ukaidi wake hakuuokota barabarani. Ningepiga simu, lakini wewe ukishasema yako simu huiweka mezani ikaongea na kikombe.

Pikapu siirudishi, Baba. Na Uhakika simwombi radhi. Sasa nisikilize mpaka mwisho, halafu ukasirike kwa jambo unalolijua.

Unakumbuka nimekuwa nikipeleka mageti na madirisha kwa mkokoteni wa kukodi, na mzigo ukiwa mkubwa nabembeleza magari ya watu. Mteja anaahidiwa Jumanne, geti linamfikia Ijumaa likiwa limechubuka, kisha anakwenda kwa fundi mwingine. Mwaka huu nikasema basi. Akiba yangu ya miaka sita ilitosha kununua gari la kufanya kazi, haikutosha kununua gari la kujionyesha, na hilo nililijua tangu mwanzo. Nilitaka pikapu ya dizeli, ya kubeba tani moja bila kulia.

Nilimchukua yule fundi wa dizeli tunayemwita Nozeli. Unamjua, mtu ambaye akisema maneno kumi kwa siku ujue ana homa. Sharti lake lilikuwa moja. Twende asubuhi, tusimpigie mwenye gari simu kabla, na tukifika yeye kwanza afungue boneti aweke kiganja juu ya injini, salamu baadaye. Alinieleza kwamba dizeli ikiwa ya baridi haijui kuficha ugonjwa, ndiyo maana wauzaji huipasha moto kabla ya mgeni kufika.

Gari la kwanza lilikuwa la mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa ameshasikia kwamba tunatafuta, basi alitungoja. Nozeli akaweka kiganja, akakiondoa haraka. Mwenye duka akasema alikuwa ametoka tu kununua mkate. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na uwanja wote umelowa, ila chini ya gari lile palikuwa pakavu. Nozeli akajifuta mkono, akaenda zake getini, nami nikabaki kuaga peke yangu kama mjinga.

La pili saa yake ilisoma kilomita chache, utadhani lilikuwa likitoka siku za harusi tu, lakini mpira wa pedali ya klachi ulikuwa umelika mpaka chuma kinaonekana. Lilipowaka likatoa moshi wa buluu. Nozeli akafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma, na pale pakapumua kama birika linalochemka. Mwenye gari akadai hiyo ni dalili ya injini yenye nguvu. Nozeli akasema ni dalili ya ringi za pistoni zilizokwisha, na hayo yakawa maneno yake ya siku ile.

Ndipo tukaenda kwa Uhakika. Sikwenda kwa ubaya, Baba. Nilikwenda kwa sababu yako, na nakiri gari lilinipendeza. Jeupe, milango minne, matairi yamepakwa dawa yanang'aa. Nilikaa kwenye usukani nikajiona nikishuka mbele ya nyumba za wateja, na nilivyojiona nilikuwa nimenenepa kidogo. Uhakika aliniita mwanangu, akaniletea soda, akaniambia umeshampa baraka zako. Injini ilikuwa ya baridi, ikawaka mara moja, moshi safi. Nozeli hakuwa na la kusema, na kwake kunyamaza ni sifa.

Mimi ndiye niliyeomba kuingia chini. Mimi si mtu wa injini, ninachokijua ni chuma. Uhakika akacheka, akasema nitajichafua. Miaka kumi na moja navaa ovaroli, leo ananionea huruma kwa vumbi. Nikatandika gunia nikajisukuma chini. Chesisi yote, huo uti wa mgongo wa gari, ilikuwa imepakwa rangi nyeusi, mpya kabisa, na rangi mpya mahali ambapo hakuna atakayetazama haipakwi kwa ajili ya urembo. Nikakwangua kwa ufunguo nyuma kidogo ya kabini. Chesisi ilikuwa imekatwa, kulia na kushoto, ikaungwa. Yaani mbele ni gari moja na nyuma ni jingine. Nilikaa kule chini muda mrefu mpaka Nozeli akanigonga kiatu kuona kama bado nipo.

Nilipotoka nikakuta mwalimu mmoja mstaafu na mkewe wamefika. Walikuwa wakilitaka gari hilohilo, wakingoja tu kuona kama mimi nitaliacha. Walikuwa wamekuja na kiinua mgongo chao chote, wakasafirishe mahindi na wajukuu. Uhakika alikuwa ameshawafungulia mlango. Ningeweza kusema sina haja nalo nikaenda zangu kimyakimya, kama watu wenye adabu wanavyofanya. Badala yake nilisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kwamba chesisi ya gari hili imekatwa katikati, na siku litakapobeba mzigo kwenye barabara mbovu litajikunja na waliomo. Mke wa mwalimu akamshika mumewe mkono wa shati. Uhakika akasema natukana gari ili nipunguziwe bei. Hivyo ndivyo alivyokuandikia, na akaongeza kwamba nimehongwa na muuzaji mwingine. Hiyo nyongeza ni ya kwake.

Pikapu niliyonunua nilikuja kuipata wiki iliyofuata, kwa mama mmoja daktari wa mifugo aliyestaafu. Ina milango miwili, rangi ya kijani iliyochoka, na mlango wa kushoto ni wa rangi nyingine kwa sababu ng'ombe aliupiga teke ukabidi ubadilishwe. Haina tabo ya kuiongezea nguvu, haina kompyuta, pampu yake ni ile ya zamani ambayo Nozeli anaweza kuifungua huku anasinzia. Yule mama ameandika kwa kalamu ya wino, ndani ya kifuniko cha kisanduku cha mbele, tarehe zote alizomwaga oili kwa miaka kumi na minne. Iliwaka ikiwa ya baridi, ikakohoa moshi mweupe kidogo, ikatulia. Kwenye kilima ikapanda taratibu bila kuchemka. Nilikaa chini yake nusu saa nzima. Kuna kutu mahali pawili, kutu ya kweli, haijapakwa kitu, na mwenyewe alinionyesha kabla sijauliza. Wewe umeiita mbovu hujaiona hata kwenye picha. Mimi nasema afadhali sura mbaya kuliko mgongo uliovunjika.

Najua kwa nini unamtetea Uhakika. Siku ulipoanguka stoo alikubeba mgongoni hadi barabarani, akakaa nawe hospitali mpaka mimi na Mama tukafika. Nilimshukuru siku ile, na leo bado namshukuru. Lakini kukubeba wewe hakumpi ruhusa ya kuwamwaga wengine.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo Uhakika hakukuandikia, na hawezi kuliandika. Mficha uchi hazai, nami nimelificha vya kutosha.

Ule muungo ni kazi yangu, Baba.

Niliujua pale pale chini. Upande wa nje nilikuwa nimeusaga kwa grenda ukalainika, lakini upande wa ndani, mahali grenda haiingii, vijimwezi vya moto, yale mawimbi ya chuma kilichoyeyuka, vilikuwa vimebaki, na vimelala kwa kuelekea kushoto. Hapa mjini anayechomelea kwa mkono wa shoto ni mimi tu, na wewe ndiye uliyenichapa nikiwa mdogo ili huo mkono usifanye kazi. Ilikuwa miaka minne iliyopita, ulipokuwa kwa dada kwa matibabu ya kwanza. Uhakika alileta magari manne yaliyogongwa, nami nikayaunganisha mawili mawili hapa hapa, chini ya bati lako, yakatoka magari mawili. Alisema yatabeba mawe ndani ya machimbo, hayatatoka barabarani.

Ningeweza kukwambia nilidanganywa, ungeniamini, na ungemgeuzia yeye hasira zote. Sikudanganywa. Hakuna anayeagiza muungo usagwe hadi usionekane, ukapakwa rangi, kwa ajili ya gari la kubeba mawe shimoni. Nilijua. Nilifanya kwa sababu aliniambia hakuna mwanamume katika mji huu anayeweza kuficha muungo kama mimi. Siku zile wateja walikuwa wakiingia karakana wananiuliza fundi yuko wapi, nami nimesimama mbele yao nimeshika mashine. Nilikuwa na njaa ya kusifiwa, akanilisha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi niliyatia kwa ndoo.

Hata siku ile uwanjani nilisema gari limekatwa, sikusema limeungwa na nani. Nilirudi nyumbani nikiwa shujaa wa mwalimu, na usingizi haukuja. Kesho yake nikaenda kwake nikamweleza. Alinitazama kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyeiba mtihani, kisha akaniuliza la pili liko wapi.

La pili Nozeli alilipata baada ya siku tatu za kuulizia. Ni la mama anayesambaza maziwa, na kila asubuhi hupanda nalo yeye, dada yake na mfanyakazi mmoja, nyuma madumu kumi na sita. Nikaomba kuingia chini. Muungo wangu wa kulia ulikuwa umeanza kufunguka, ufa mwembamba, kucha ya kidole inaingia. Nikatoka nikamwambia yote, nikamwambia na jina langu. Hakunipigia kelele. Aliniuliza tu toka siku aliponunua gari hilo, ni safari ngapi alikuwa karibu kufa. Nilitamani anipige kofi.

Gari lake sasa limelala juu ya magogo kwa Nozeli, tunalitafutia chesisi nzima. Maziwa hayangoji, yakikaa yanaganda. Kwa hiyo kila asubuhi ile pikapu yangu ya kijani ndiyo inayobeba madumu kumi na sita, na mimi ndiye dereva. Sasa umeelewa kwa nini siirudishi. Hata ukiniletea gari jipya kutoka bandarini na funguo ndani ya sahani, siirudishi.

Usihangaike na mwisho wa mwezi. Jana nilipakia mashine, mitungi na meza ya vyuma, nikahamia sehemu ya wazi kando ya gereji ya Nozeli. Mvua ikinyesha natandaza turubai. Kiwanja nimekifagia, ufunguo uko kwa jirani yetu mshonaji. Sikuondoka kwa hasira, au niseme kweli, hasira ilikuwapo lakini haikuwa ndiyo dereva. Kazi ile mbaya niliifanya chini ya bati lako na kwa jina lako, na sikuona haki kuendelea kukaa pale nikikuficha. Ukiniita nirudi, nitarudi siku hiyo hiyo. Ukiniita kwa sharti la kumwomba radhi Uhakika, basi acha nizoee turubai.

Ijumaa nakwenda kwa wakaguzi wa magari pamoja na Nozeli na yule mwalimu. Nitaandikisha maelezo ya magari yote mawili, na jina la kwanza katika maelezo hayo litakuwa langu, la Uhakika litafuata. Wanaweza kunifungia kazi. Wanaweza kufanya zaidi ya hapo. Naogopa, Baba, sitakudanganya. Ila maji nimeshayavulia nguo. Uhakika akisikia atakimbilia kwako akwambie kwamba aliyechomelea ni binti yako. Mwambie unajua, ulisikia kwangu kwanza.

Msalimie Mama, umwambie apunguze wasiwasi na aongeze kula. Dada na shemeji wasalimie, watoto wote wapate salamu kwa kimo chao, mkubwa apate nyingi. Fundi Nozeli anakusalimu pia, alisema "Msalimie mzee," na kwake hayo ni hotuba. Jibu utakaponijibu, liwe tamu liwe chungu, nitalisoma nikiwa nimekaa.

Hapa chini nilikuwa nimeandika "wako mtiifu", nikalikata. Ningeanza karatasi nyingine iwe safi, lakini nimeona niliache ulione lilivyokatwa.

Ni mimi binti yako,
fundi wa kuchomelea.