Marufuku Salfa Mlangoni

Jumatatu, 7 Julai 2025

Kliniki leo. Nesi Elizabeti katupa somo sisi wenye matumbo: dawa za shambani, moshi, chakula cha moto kwenye plastiki. Eti mama akivipata sana, huenda mtoto akaja kunenepa kupita kiasi. Bado wanachunguza, kasema. Mimi nishaogopa tayari! Vania wangu ana miaka sita, anahema akipanda kilima cha shule. Wenzake wanamwita Tipa, kama lori la mchanga. Analia. Sijui kilichomnenepesha, ila huyu wa tumboni simbahatishi.

Jioni Baba Vania karudi kutoka kupulizia mikorosho salfa, ile dawa ya unga, wa njano mpaka nyusi. Akataka kunikumbatia. Nikatimua mbio na tumbo la miezi tisa! Sheria mpya: nguo za salfa zinavuliwa nyuma ya banda la kuku. Kavua. Kuku wakakimbia.

Mama mkwe kacheka mpaka kakaa chini. Mtoto mnene ndiyo sifa ya nyumba, kasema. Au nataka kumzalia mjusi?

Ijumaa, 11 Julai

Makubwa! Nachota makopa ya muhogo ya kusaga, nakuta mama mkwe kayahifadhi kwenye mfuko uliokuwa wa salfa. Kaufua kwa sabuni ya unga, eti msafi kuliko sisi. Ugali wetu wote wa wiki umetoka humo! Nimelia, kweli nimelia. Nikayafukia yote shimoni.

Mama mkwe kanuna. Sasa anaongea na paka tu. "Paka, mwambie huyo daktari wako chumvi imekwisha." Daktari ndiye mimi.

Jumapili, 13 Julai

Bado paka. Paka mwenyewe kachoka, kahamia kwa jirani.

Jumanne, 15 Julai

Uchungu! Pikipiki anayo Baba Vania, yuko shambani. Kapigiwa simu, kaja mbio na salfa yake yote, anataka kuingia anibebe. Mimi nimebanwa, sauti haitoki.

Mama mkwe kasimama mlangoni na mwiko.

"Hupiti! Salfa hiyo kwa mjukuu wangu? Vua!"

"Mama, mtoto anakuja!"

"Basi vua upesi!"

Kamwagiwa ndoo mbele ya majirani wote. Sasa kavaa kanga yangu ya maua. Haya, tumepona — kumbe kiti cha pikipiki nacho cha njano! Mama mkwe anakisugua kwa sabuni, Vania anashika ndoo.

Mama mkwe kaacha kusugua kidogo, kaniletea uji. Kwenye bakuli la udongo, si lile la plastiki.

"Kunywa, mwanangu, upate nguvu."

Kaniambia mimi, si paka! Nalia, nakunywa — yalaa, uchungu unarudi tena — mama, kiti kimetakata, basi! Twende —