Tairi Moja Garsen, Moja Hewani

Jumatano, Garsen. Jua limechomoza likiwa limeshakasirika, na mimi pia.

Niseme tu, maana wengi mnaonisoma hamnijui sura: nina wivu. Si ule wivu mdogo wa kutamani dera la jirani. Ni ule unaokaa kifuani mpaka chai haishuki.

Mume wangu, Baba Halima, ana wake wawili. Mimi niko hapa Garsen, mwenzangu Hadija yuko Hewani, kando ya mto. Kila mmoja amepewa pikapu kuukuu ya kutafutia riziki, zote mbili za aina moja. Mimi hubeba maembe na ndizi kupeleka Madogo. Hadija hutoa mazao ya mashambani na kuyaleta soko la hapa. Watu walicheka mwanzoni walipoona wanawake wawili wa mume mmoja wameshika usukani. Sasa wamezoea, wanatupungia mkono.

Kwa wiki kadhaa pikapu yangu imekuwa mgonjwa. Usukani mzito, ukikata kona unalia kama mbuzi aliyefungwa, na ukiulegeza kidogo gari linakimbilia kulia. Kulia ndiko yanakotoka malori. Siku moja nikirudi kutoka Madogo lilikuja lori la ng'ombe, na gari langu likaenda kulilaki. Nilivuta usukani kwa mikono yote miwili, huku nikisoma kila dua ninayoijua. Nilipofika nyumbani mabega yalikuwa yanawaka moto.

Nilimwambia Baba Halima. Akachukua gari, akalirudisha na tairi moja jipya mbele, upande wa kushoto. Akanipa na oili ya usukani ndani ya chupa ya soda. Nusu chupa. Nikaimimina, nikashukuru. Gari likazidi kuvuta.

Halafu wiki iliyopita nikamwona Hadija sokoni. Alikuwa ameegesha, nami niko upande wa dereva wake. Tairi lake la mbele jipya, jeusi tii, meno yote yako. Na juu ya dashibodi ilikuwa chupa ya oili, ile ya dukani yenyewe, na kibandiko chake.

Mimi chupa ya soda. Yeye yenye kibandiko.

Sikumsalimia vizuri. Nilirudi nyumbani nikapika ugali mgumu, Baba Halima akautafuna wote. Kipya kinyemi ingawa kidonda, ndivyo nilivyojisemea. Mke mpya, bila shaka matairi mapya mawili, chupa kamili. Mimi wa zamani nigongwe na lori.

Leo asubuhi nimempelekea Fundi Guyo gari. Nilimwambia kabisa atafute ubovu mkubwa, nipate la kusema mume akirudi kutoka mnadani. Akapima upepo wa matairi, uko sawa. Akaniendesha mpaka njia panda na kurudi, akashuka na kugusa magurudumu ya mbele kuona kama breki moja inashika na kupata moto. Yote yako sawa. Akapiga jeki, akalitikisa gurudumu juu na chini, kisha kushoto na kulia. Hakuna kinachocheza. Nilikuwa nimesimama pale nikiomba kitu kiwe kimevunjika.

Akafungua kile kikopo cha oili ya usukani. Kumbe oili iko chini kabisa ya alama. Akaongeza mpaka ikatosha, akawasha, akazungusha usukani pande zote mara kadhaa. Kile kilio kikakoma. Usukani ukawa mwepesi hata kwa mkono mmoja.

"Mama Halima, hii ilikuwa na kiu tu," akasema. "Nani alikupa nusu?"

Nikamwambia aendelee na kazi.

Kisha akabadilisha matairi ya mbele, la kushoto akalipeleka kulia, la kulia akalileta kushoto. Tukatoka tena barabarani. Na gari, wallahi, likaanza kuvuta kushoto.

"Sasa umeona? Gari haina shida. Tairi moja mpya, moja imeisha, haiko saizi moja. Inavuta upande ile imeisha. Hii mpya ilikuwa na ndugu yake. Ndugu iko wapi?"

Ndugu yake nilijua yuko wapi. Yuko Hewani, na mwingine mpya ubavuni mwake, nikawaza. Nikachukua simu na kumpigia Hadija. Hatupigiani sisi. Nilikuwa nimepanga maneno makali, nimeyanoa.

Akapokea kabla sijayasema. "Dada, kwema? Nilitaka kukupigia nikaona aibu. Hili gari langu litaniua. Linaniingiza kwenye vichaka vya mathenge kila siku, ubavu wote wa kushoto umechanika kwa miiba. Nilimwambia Baba Halima, akaniwekea tairi moja la kulia na kunipa oili nusu chupa. Nikasema haya, hayo mengine amempa mke mkubwa."

Nilikaa juu ya tairi kuukuu la fundi.

Baba Halima alinunua matairi mawili na chupa moja ya oili. Akakumbuka aliahidi mbele ya shekhe kwamba atatufanyia sawa. Basi akagawa. Tairi moja kwangu, moja kwake. Nusu kwangu, nusu kwake. Mimi nikapelekwa kwenye malori, mwenzangu kwenye miiba, na yeye akalala usingizi wa mtu mwadilifu.

Nilicheka mpaka Fundi Guyo akacheka bila kujua tunacheka nini. Lakini kicheko kilipoisha, kifua kilikuwa bado kimebana.

Nilitaka niwe nimedhulumiwa.

Ningekuwa nimedhulumiwa, ningekuwa na haki ya kulia. Kumbe nimepewa sawasawa, na ni hiyo sawasawa inayoniuma. Kulikuwa na miaka ambayo chupa nzima ilikuwa yangu. Hakuna fundi wa kulitafuta hilo kwa jeki.

Nikamweleza Hadija jambo lenyewe: matairi mapya yote mawili yakae gari moja, yaliyoisha yakae jingine, yalingane. Nikawa najiandaa kubishana gari lipi lipate mapya. Hakunipa nafasi.

"Weka kwako, dada. Njia yako ina malori. Mimi huku naenda polepole na miiba yangu."

Hata wema amenitangulia! Nilisema asante kwa sauti ndogo, na wivu ukapanda upya, mpya kabisa, wa aina ambayo sikuwahi kuujua.

Kesho nikishaswali alfajiri nitateremka Hewani tukabadilishane matairi. Nimepitia dukani, nimemchukulia chupa ya oili. Haijafunguliwa, kibandiko kiko. Iko kwenye kiti cha abiria. Sijui kama nampelekea kwa kumpenda au kwa kutaka kumshinda. Nimejiuliza jioni yote na bado sijui.

Lakini itamfikia nzima.